Boksi ya treni ya HO ya Bulaya mu nyumba ya Lubumbashi: reli chukueni, transfo muiache

Nianze na bei juu njo kitu batu banauliza kwanza. Dola 75, mukono ya pili, boksi ya kuanzia ya treni ya kuchezea, saizi ya HO (nitaieleza chini): lokomotive moja ya dizeli, mabehewa tatu ya mizigo, reli za kufanya duara ya kurefuka, na transfo ya kuchomeka ku ukuta. Mwenye duka alianza na 120, tukabishana mpaka akachoka, na nilikuwa na silaha moja nitawaambia hapa chini. Ni ku moja ya yale maduka yanapokea makontena ya bintu ya Bulaya, fasi unakuta frigo, matela, baiskeli za batoto na viatu vya kutelezea ku theluji vyote vimelaliana, sasa viatu vya theluji Lubumbashi nani atavivaa sijui. Jina ya kampuni ya boksi naliacha, juu boksi za namna hii zinafanana sana na mabaya nitasema si ya kampuni moja peke yake.

Kwa wenye haraka: reli nzuri sana, lokomotive nzuri, mabehewa ya kawaida tu, transfo ni ya kutupa kwa mutu anaishi na umeme kama yetu. Kwa 75 ningelipa tena kesho. Kwa 120 ningemwachia.

Sasa wenye muda. HO maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87, na kati ya reli na reli kuko milimetre 16.5. Zidisha 16.5 na 87 unapata 1435, njo upana ya reli ya sehemu kubwa ya Ulaya na Marekani. Ukienda pale ku gare yetu na metre mukononi utapata 1067, juu reli ya Katanga ilitoka kusini, upande ya Rhodesia, ikaingia kupitia Sakania ikafika hapa 1910 wakati muji ingali inaitwa Elisabethville, na kule kusini kote banatumia 1067. Kutoka hapa njia ikaendelea, Bukama 1918, Ilebo 1928, na 1931 ikaungana na ya Angola kupitia Dilolo, yote 1067. Kwa hiyo mutu anayefungua boksi akitegemea kuona treni ya SNCC, kampuni ya reli ya Kongo, ya kadogo atakasirika bure, hii ni treni ya Ujerumani, imeandikwa Kijerumani, na iko inatembea ku reli pana kuliko yetu. Kama unataka upana ya kwetu kabisa mu HO unahitaji reli ya milimetre 12, kuko Tillig anatengeneza reli za namna hiyo, na Bemo anatengeneza treni za milima ya Uswisi za kutembea ku 12, lakini bei yake tuache, na ku makontena sijawahi kuziona.

Silaha yangu ilikuwa pile ya volti 9, ile ya mraba, na nyaya mbili fupi. Mwenye duka hawezi kukupa umeme ya kujaribia, mara nyingi hata yeye hana, basi unakuja na pile yako mu mufuko. Unageuza lokomotive tumbo juu, waya moja ku gurudumu ya kushoto, waya ingine ku ya kuume, kama iko nzima magurudumu yanazunguka, ukibadilisha nyaya yanazunguka kinyume. Yangu ilizunguka kidogo ikakoroma ikasimama. Mwenye duka akasema, "Kaka, hiyo ni usingizi tu, imelala mu karto siku mingi." Nikamwambia, "Sawa mukubwa, basi nipe bei ya kitu inayolala." Akacheka, na njo pale bei ilianza kushuka. Na kweli yeye alisema haki, ilikuwa tu ile grisi ya zamani imeganda mu gia ikawa ngumu, nilifungua ku nyumba nikasugua na brosi ya meno na alkoli, nikaweka tone ya mafuta ya mashini ya kushonea ku kila fasi ekseli inaingilia. Tone moja tu, musimwage, juu ikifika ku magurudumu treni inateleza na kila uchafu ya reli inakamata pale. Angalieni pia vile vipete vya kauchu ku magurudumu mawili ama manne ya lokomotive, njo vinamusaidia kuvuta, kwa treni ya zamani vinakauka na kupasuka, yangu vilikuwa vizima, bahati.

Hapa kuko mutego mukubwa na nataka musikie vizuri. Märklin, ile kampuni ya Ujerumani inajulikana sana, HO yake ya kawaida haifanye kazi sawa ingine. Yeye anapitisha umeme katikati ya reli, ku vidoti vidogo vya chuma, na chini ya lokomotive kuko kipande cha chuma kirefu sawa ski, kinateleza juu ya vile vidoti. Ni treni nzuri sana, imara, wazee ba Ujerumani banaachia bajukuu zao, lakini ukiichukua ukaweka ku reli za kawaida za nyaya mbili, unafanya shoti palepale, juu magurudumu yake ya kushoto na kuume yanapitishana umeme. Kwa hiyo mu duka: geuza tumbo juu, ukiona ski rudisha, ama chukua yote kamili na reli zake na transfo zake, usichanganye. Na mabehewa nayo, pima na multimetre kati ya gurudumu na gurudumu ya ekseli moja, ikilia piip, acha.

Transfo sasa. Ya boksi yangu ni ya 230, kichomeko ya Ulaya inaingia bila adapta, mpaka pale hakuna shida (boksi za Marekani ziko za 120, ukichomeka moja kwa moja hapa unaaga transfo mu sekunde). Shida ni kwamba hizi transfo za boksi ya kuanzia ni za rahisi, umeme inayoingia ikishuka na inayotoka inashuka. Mu kartie yetu saa ya jioni wakati batu bote banawasha resho, multimetre inanionyesha 165, wakati ingine chini ya hapo. Treni inatambaa, taa ya mbele inakuwa rangi ya chungwa, ku kona inasimama, batoto banasukuma na kidole. Halafu delestaji, umeme inakatwa kwa zamu. Halafu umeme inarudi na hasira, 250 na zaidi, kwa kitambo kidogo, na njo ile saa bintu inaungua. Yangu ilinusa vibaya siku moja hivi, nikaitoa ku ukuta kwa lazima, tangu pale inakaa mu karto.

Lakini hii njo sehemu nilifurahi sana, na nashangaa batu ba Ulaya banaoandika kuhusu treni hizi hawaiseme, pengine juu bao hawana haja. Treni ya HO ya kawaida inatembea na volti 12 ya moja kwa moja. Volti 12! Sisi bote tuko na nini ku nyumba? Pano ya jua ku mabati na bateri ya 12 mu kona ya salo. Treni haihitaji transfo, inahitaji bateri tuliyonayo tayari, na kitu cha kupunguza na kuongeza mwendo. Nilienda kwa kijana mumoja anatengeneza maradio na maamplifiya, nikamwambia nataka regilatere ya mota ndogo ya 12, ile kadogo yenye kifundo cha kuzungusha, inapatikana kwa dola chache sana, akaongeza enteripteri ya kugeuza plas na mwa ili treni irudi nyuma, akafunga yote mu kiboksi ya plastiki ya umeme. Ile kiboksi inafanya treni itembee polepole kuliko transfo ya Ujerumani, juu inakata umeme vipande vipande haraka sana badala ya kupunguza volti, mota inapata nguvu hata ku mwendo ya kinyonga. Kwa mota za kawaida hakuna shida, zile mota za bei zisizo na chuma katikati njo haziipendi, zinapata moto, kwa hiyo ulizeni kabla.

Na fizibli (fyuzi)! Tafadhali bandugu. Lokomotive ya HO inakula chini ya ampere 1, lakini bateri ya risasi ya nyumba ikipata shoti inamwaga ampere mingi sana, waya inakuwa nyekundu, plastiki inayeyuka, salo inaungua na mama ya batoto anakufukuza pamoja na treni. Fizibli ya ampere 2 karibu na plas ya bateri, si karibu na reli, karibu na bateri. Treni ikitoka ku reli, na itatoka, magurudumu yanagusa reli mbili na shoti inafanyika, fizibli inakatika, unabadilisha, maisha inaendelea. Tangu nilifanya hivyo delestaji imekuwa saa ya treni ku nyumba yetu, televizyo imekufa, telefone zimeisha sharji, lakini ile duara inazunguka na taa zake, hata bajirani banakuja kuangalia.

Reli nazisifu na nitaeleza juu ya nini. Ziko zimefungwa juu ya kitako ya plastiki sawa mawe ya reli, zinaingiliana kwa kubonyeza, unaweza kuzitandika hata chini ku simenti na kuzitoa saa ya kulala. Chuma yake si chuma ya kawaida, ni ile ya rangi ya feza, mchanganyiko wa shaba na nikeli, haishiki kutu. Ukiwa unachagua mu makontena peleka simaku, kama reli inashikwa ni chuma tupu, na chuma tupu na mvua yetu kuanzia Novemba mpaka Machi, utasugua kutu mpaka uchoke. Kitu kimoja tu, vile vitako vya plastiki kila kampuni iko na mubonyezo yake, Roco haingie mu Piko, Piko haingie mu Bachmann, kwa hiyo usichukue vipande vya kuokotaokota ukifikiri utaviunganisha. Zile reli bila kitako, za mbao mbao tu, njo zinachanganyika vizuri zaidi, mradi kimo ya chuma iko sawa, kuko ya milimetre 2.5 na kuko ya 2.1, banaziita kodi 100 na kodi 83.

Tandiko ya chini nilimpa menizie, fundi wa mbao. Kona za boksi ziko na rayo (kutoka katikati ya duara mpaka ku reli) ya senti 42, kwa hiyo duara peke yake inataka karibu senti 90 ya upana, ukiongeza nafasi ya mukono unafika metre moja. Nikapata mlango wa zamani wa tripleksi, akaukata na kuongeza kipande, akaweka mbao za ukingo chini isipinde. Akaniuliza, "Papa, ni meza ya kula ama ya biashara?" nikamwambia ya treni, akanyamaza, akapiga bei ya meza ya biashara.

Kitu kitakachokusumbua mu siku za kwanza ni hiki: treni inatembea vizuri karibu na fasi nyaya zinaingilia, halafu ukiwa upande ya mbali inachoka. Si mota. Ni zile eklisi, vile vibati vidogo vinavyounga reli na reli, kila moja inakula umeme kidogo, na ukihesabu eklisi zote mpaka upande ya pili umeme imebaki nusu. Dawa yake ni kusude (kulehemu) nyaya zingine mbili ku reli za upande ya mbali na kuzipitisha chini ya meza mpaka ku kiboksi. Elektrisie wa kartie anafanya kwa bei ya fanta. Pima kwanza kwamba waya ya reli ya ndani inaenda ku reli ya ndani, ya nje ku ya nje, ukizichanganya ni shoti na fizibli ingine.

Vumbi. Hapa njo Lubumbashi inajionyesha. Kuanzia Mei mpaka Septemba ile bulongo nyekundu inaingia hata mu nyumba yenye madirisha ya vioo, asubuhi unafuta, jioni unaandika jina yako juu ya meza. Treni inapata umeme kupitia kugusana kwa gurudumu na reli, fasi ndogo sana, chembe moja inatosha kuisimamisha. Nafuta na kitambaa kisicho na manyoya na alkoli ya farmasi, ile kali, kila mara kabla ya kuwasha. Usitumie papyeverre (msasa), inaonekana inasafisha lakini inaacha mikwaruzo na uchafu unalala mle ndani, kesho ni mbaya kuliko jana. Usiku funika na nailoni ama kitenge ya zamani.

Na ile bulongo nyekundu iko na chuma ndani. Nilipotaka kupamba meza na bulongo ya kichuguu, juu Katanga bila vichuguu si Katanga, nilichukua simaku ya haut-parleur ya zamani nikaifunga mu karatasi nikaipitisha juu ya bulongo iliyochujwa. Ilitoka na manyoya meusi yamesimama pande zote, mingi. Hayo yote yangepanda mu mota, juu mota nayo ina simaku ndani, na mota ikishameza vumbi ya chuma imekwisha. Basi pitisha simaku mara mingi mpaka itoke safi, halafu njo umwage bulongo ku meza. Kole nyeupe ya mbao unaichanganya na maji nusu kwa nusu, tone ya sabuni ya masahani ili isikatae kuingia, unadondosha na sindano ya dawa bila sindano, kesho yake bulongo imeshika kabisa.

Mulima nimefanya na frigoliti za frigo na televizyo, zinatupwa bure. Bila shaka nilitengeneza terili ya Gécamines, ule mulima mweusi wa takataka ya kampuni ya migodi, mutoto wa Lubumbashi atatengeneza nini kingine? Makala ya kupika imesagwa mu kinu, imepakwa juu ya frigoliti na ile kole ya maji, inatoka nyeusi yenye kung'aa kidogo kidogo, ukiiangalia kwa karibu unasema ni yenyewe. Musipake rangi ya bombe wala kole ya viatu ku frigoliti, inaikula mpaka inabaki shimo. Sheminé yake, bomba ya moshi, nimeshindwa kwa hesabu: kitu ya metre 100 mu HO inakuwa metre 1 na senti 15, na ya kwetu inapita metre 100, ingegusa plafo. Nimeifanya fupi, batu bananicheka, sijali. Kichuguu cha metre 5 nacho ni senti 6 tu, hivyo viko vingi. Mabehewa nimejaza vipande vya malakiti, takataka ya bachongaji, kijani yenyewe ya mukuba, nilivipasua mu maji na kitambaa ku pua juu vumbi yake si ya kupumua. Jakaranda nimefanya na vijiti na sifongo iliyochovywa rangi, zambarau ya Oktoba, moja iko inapendeza na zingine ziko sawa brosi ya choo.

Mu kartie yetu kuko mzee mumoja alitumika reli maisha yake yote, shemino kweli, tangu wakati SNCC ingali inaitwa SNCZ. Alikuja na fimbo yake, akakaa, akaangalia duara tatu nne bila kusema.

"Mwanangu, hii kona iko na rayo ngapi?"

"Senti 42, papa."

Akatoa telefone, akazidisha na 87 mwenyewe. "Metre 36! Kwetu hata mu depo hatukuwa na kona sawa ile. Gari itapinduka."

"Haipinduke papa, si unaiona."

"Kwa sababu haina mizigo." Akainama tena. "Na katenere iko wapi?"

Swali ya haki, juu njia za Katanga zilianza kutiwa umeme miaka ya 1950, kilovolti 25, hertz 50, zaidi ya kilomita 800 zilifungwa nyaya juu, wakati ule nchi mingi za Ulaya zilikuwa zingali zinavuta na moshi. Akanieleza nguzo na nguzo karibu metre 50 fasi njia inanyooka, mu HO hiyo ni senti 57, upande moja wa meza yangu ingepata nguzo mbili ama tatu. Nimeziweka karibu zaidi, anakuja anazihesabu na hafurahi. Waya ya shaba mu Katanga haikosekane, nimetumia nyuzi za kebo ya telefone ya zamani, haipitishi umeme, ni pambo tu, na lokomotive ni ya dizeli lakini tumekubaliana na mzee tusiseme.

Njo yeye pia alinisukuma ku kitu ingine ambayo sasa ninaifanya. Nilikuwa nalalamika upana si wetu, akauliza, basi ni mara ngapi unapunguza ili 1067 ikuwe hiyo 16.5? Nikafanya hesabu: karibu mara 64 na nusu. Kumbe ku Afrika Kusini na Nyuzilandi, nao ba 1067, bapenzi ba treni banafanya hivyo kweli, banatumia reli za HO na kutengeneza mabehewa ya 1:64. Yaani reli za boksi ya Ujerumani ni reli za Katanga ukitengeneza tu mwili wa behewa mukubwa kidogo. Nimetoa juu ya behewa moja, nimebakiza chini na magurudumu, ninatengeneza mwili mupya na karto ngumu na vijiti vya meno, behewa ya abiria ya bluu na kreme. Shida inayokuja ni kwamba kila kitu ingine ku meza, jakaranda, nyumba, batu, itakuwa ya 87, na senti 42 ya kona itakuwa ngumu zaidi kwa behewa refu. Nitalifanya fupi.

Wenye nyumba ya chumba kimoja banaweza kuniambia metre moja kwa mbili banaitoa wapi. Kuko saizi ya N, 1:160, milimetre 9, reli za Kato za N ziko na kona ya rayo ya senti 25, meza ya senti 60 inatosha duara, na Kato njo wa kusifiwa kwa reli zenye kitako. Lakini lokomotive ya N ni nyepesi, vumbi inaisumbua mara mbili kuliko HO, na ku makontena yetu naona HO mingi, N mara chache sana. Za dijitali, zile unaendesha na telefone, kwa sasa mimi nasema subirini: lokomotive iko na kadi ndani, kadi hiyo na ile kiboksi ya kukata umeme hawapatane vizuri, na ukiungua kadi hapa hakuna wa kukuuzishia ingine.

Kinachokosekana mu boksi yangu ni egiyaji, zile reli za kugawa njia, duara bila fasi ya kuachana inachosha, treni inazunguka tu haina pa kwenda, batoto baliona hilo mbele yangu. Natafuta mbili, ya kushoto na ya kuume, za mukono zinatosha, zenye kitako ya kampuni ya boksi yangu ama zile za mbao mbao kodi 100. Mwenye duka wa kontena ameniahidi kwa mzigo inayokuja, ameniambia pia zitakuwa dola 40 mbili, nami nimemwambia pile yangu ya volti 9 ingali mu mufuko.